Beseni la Mama Augustine Lotika

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya barabara hapa Kisangani, Mama Augustine Lotika anastaafu. Ukurasa huu wa jarida letu nilikuwa nimeshauandika wote, tena kwa vicheko. Jumanne ya wiki iliyopita nikauchana. Nitaeleza kwa nini.

Mama, binti wa wavuvi wa Yanonge, alianza kazi mwaka 1994 akifagia mitaro. Miaka minane baadaye akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kila tunapochimba na kufunga njia ya pembeni mwa barabara, yeye ahakikishe waendao kwa miguu wana pa kupita. Wakubwa walidhani atasimamisha vizuizi na kukaa kivulini. Hawakumjua.

Alileta beseni la bati kutoka kwake. Hulijaza maji, huweka kata ya nguo kichwani, hujitwika, kisha hupita njia mpya ya mbao tangu mwanzo hadi mwisho. Maji yakimwagika, njia imekataliwa. Mbao zinang'olewa na kupangwa upya. Alisema mji huu unakula vinavyobebwa kichwani, samaki, ndizi za makemba, mikate ya muhogo ya chikwangue, na njia isiyopitisha beseni haipitishi mtu. Hakuna mhandisi aliyewahi kumjibu.

Mhandisi Lambert alijaribu. Kule Mangobo alidai mbao zake ni imara na beseni ni ushamba. Mama akamtwika. Hatua ya tano, shati na tai vikalowa chapachapa, saa sita mchana, soko zima likitazama. « Bon, chef, mayi njo inasema, hapana mimi, » Mama akamwambia, akaenda kuita mafundi. Lambert bado anakisimulia kisa hicho mwenyewe, na kila mwaka anajiongezea hatua.

Sasa hiyo Jumanne. Mama alikuwa ameanza likizo yake ya mwisho, na kupima njia kukawa kazi yangu mimi, Constant. Kule Tshopo, komini mojawapo ya mji wetu, tunachimba mtaro kwenye barabara ya sokoni. Nilifika kwa pikipiki, nikatazama, mbao zimenyooka, nikasaini. Hata sikushuka. Siku ya tisa tangu nisaini, ndiyo Jumanne hiyo, saa moja asubuhi, mvua imetoka kukatika, ubao mmoja ukageuka na mtu akatumbukia mtaroni. Alikuwa Mama Augustine. Alikuwa anakuja ofisini kukabidhi beseni.

Nilipoambiwa nilikaa chini pale pale kwenye matope. Sikuamini. Miaka yote ile hakuna aliyeanguka kwenye njia ya Mama. Mimi siku tisa tu, na anayeanguka ni yeye! Nyuma yake, hatua mbili, alikuwa mama Marthe, muuza makemba, mtoto mgongoni. Ukelele wa Mama ndio uliomsimamisha.

Kifundo cha mguu kimevunjika. Hospitalini tulijazana kando ya kitanda chake tukitafuta maneno ya pole, naye akauliza kitu kimoja: « Nani alipita pale na beseni? » Akanigeukia. « Constant, weye ulipita na pikipiki. Alors, pikipiki itapita. Na batu, bapite wapi? »

Nikamwambia Ijumaa nitambeba mgongoni hadi kwenye sherehe yake.

Akatoa sharti. Wenzangu mnajua aibu yetu: kinyozi hajinyoi, na mbele ya ofisi yetu wenyewe njia imefungwa tangu Aprili, tunaruka mtaro kama mbuzi na tumeshazoea. Mama amekataa kubebwa mgongoni. Atakuja kwa magongo, aingie mlango wa mbele kwa njia ya waendao kwa miguu, la sivyo anageuka kwenda kwake na sherehe tuile sisi. Anayedhani anatania hajafanya naye kazi.

Ndiyo sababu mchapaji amenisubiri hadi leo Alhamisi. Tumeweka mbao pana, zimepigiliwa misumari, na fito za kushikia pande zote mbili. Beseni lenyewe limebonyea ubavuni tangu siku ile. Nimelibeba. Mara ya kwanza nililowa hadi viatuni, Lambert akihesabu hatua kwa sauti, na alikuwa na haki yake. Mara ya pili na ya tatu, vivyo hivyo; tukang'oa, tukapanga upya. Mara ya nne nilifika mlangoni na halikudondoka hata tone.

Mama Augustine, ofisi nzima inakushukuru, na wanakushukuru maelfu waliofika nyumbani salama bila kulijua jina lako. Mguu upone upesi, samaki wa Yanonge wasikupungukie, na kila uendako ukute pa kukanyaga. Mimi nakuomba radhi.

Ijumaa utanikuta mlangoni, beseni kichwani, nimetoka kuipita tena hiyo njia. Usiniulize kitu. Tazama shati langu.