Fundi Lokaale Ekidor na Skuta Iliyokosa Jina Serikalini

Ejok nyote, majirani wa Kakuma na ninyi mliopanda lori kutoka Lodwar, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa yeye hakuwahi kufanya kazi nusunusu, nami sitamfupisha.

Fundi Lokaale Ekidor alizaliwa Namoruputh tarehe 4 Aprili 1979, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ekidor, katika mvua ambayo hadi leo haijapata mwenzake. Alianza shule ya msingi Lodwar mwaka 1988, akaishia darasa la sita ukame ulipomaliza mbuzi wa karo, ila alikuwa ameshaichomelea kengele ya shule iliyopasuka, ikasikika hadi ng'ambo ya mto, na walimu wakalia zaidi ya wazazi alipoondoka.

Mwaka 1997 alikuja hapa Kakuma, akaandikwa kazi ya kuchomelea na mzee Hersi, mwenye malori, ambaye ameketi pale mbele na atanikosoa nikiongeza chumvi nikisema kwamba kuna lori Lokaale alilichomelea ekseli, lori likaja kuoza lote, kikabaki kile kiungo alichochomelea.

Tarehe 15 Desemba 2001 alimwoa Napeyok, mjane wetu huyu. Agosti 2003 Napeyok alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, usafiri uliopatikana ukawa pikipiki ya jirani, akapanda ametanua miguu, dada yake akimkumbatia kwa nyuma, na barabara ile mnaijua, wakafika hospitali mtoto akiwa ameshatutoka. Baadaye Mungu aliwajalia Nakwang mwaka 2005, na Lotiir mwaka 2009, lakini yule wa kwanza hakuwahi kutoka kichwani mwa kaka yetu, hata akicheka alikuwa anacheka na mtu mwingine ndani.

Katika uwanja wa mzee Hersi palikuwa na skuta kuukuu iliyoachwa na mgeni wa kambi ya wakimbizi, Lokaale akawa anaizunguka kama mtu anayechagua ngamia, akaona injini imewekwa chini ya kiti badala ya katikati ya magoti, mbele pana sakafu bapa ya kuwekea miguu, mama anaketi mapaja yamefungana kama aliye kwenye kiti cha nyumbani kwake. Kasoro ni magurudumu, madogo kama sahani, mchanga wetu ungeyameza kabla ya chai. Basi akaunda yake, fremu ya mabomba ya maji, magurudumu ya pikipiki, injini ya pampu, na nyuma kiti kirefu chenye egemeo, akaimaliza mwaka 2019. Mama Abuk wa kambini ndiye aliyepanda wa kwanza akiwa na uchungu, akajifungua salama, na wako wanaoapa kwamba mtoto alitoka akigeuka nyuma kuitafuta skuta. Tangu hapo hakuna mama aliyeipanda akarudi mikono mitupu.

Machi 2023 alisimamishwa barabarani na afande, akaulizwa namba ya usajili, leseni na bima, naye akajibu kwamba hiyo ni baiskeli, afande akauliza pedali ziko wapi. Lokaale alirudi karakana, akachomelea pedali ambazo hazikuzungusha chochote, na aliposimamishwa tena akaambiwa baiskeli haina injini, hiyo ni pikipiki, na pikipiki lazima iwe na namba ya chasisi. Chasisi aliiunda mwenyewe, namba aitoe wapi, akapasha chuma moto, akaichoma fremu alama ya ukoo wetu, ile tunayowachoma ngamia.

"Fundi, hii ni alama ya mifugo," afande akasema.

"Ndiyo, afande. Ngamia mwenye hiyo akipotea, anarudishwa kwetu. Namba zenu zimewahi kumrudisha nani?"

Skuta ilizuiliwa siku hiyo hiyo, ikapelekwa Lodwar. Alipoifuata kwenye ofisi za serikali, dirisha la kwanza walisema ni pikipiki bila kiwanda, la pili walisema injini ya pampu ni ya shamba, la tatu wakasema kwa kubeba wagonjwa ni gari la wagonjwa, ioneshe milango. Wote walikubali kwamba kitu kipo, hakuna aliyekubali ni kitu gani. Juni 2024 ikauzwa mnadani pamoja na vyuma chakavu, Lokaale akafika wakati imeshakatwa vipande, akarudi Kakuma, akazima mtambo wa kuchomelea, na hakuuwasha tena.

Mapema mwaka huu figo zilianza kumsumbua, miguu ikavimba hata isikunjike. Tarehe 13 Novemba 2025 alizidiwa, malori yako safarini, tukamfunga kwa leso kwenye bodaboda, miguu imetanuliwa kwa nguvu, akamwambia Napeyok, "Sasa najua ulivyobebwa." Alifariki hospitalini jioni hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, mzee Hersi kwa lori lililobeba jeneza, majirani kwa maji na kuni, mafundi wenzake, na akina mama wa kambini waliokuja na watoto wao, tumewaona, ni wengi.

Jambo la mwisho. Nakwang, binti yake, ndiye huyu aliyekaa kwenye mkeka, mnaona hali yake, wakunga wamesema ni mwezi huu. Mwenye gari kati yenu, tafadhali, asiondoke makaburini kabla hajazungumza nasi.

Lokaale, kaka yetu, pumzika kwa amani kama ipo.