Kinu cha Ayubu

Kijiwe cha Ayubu kiko Buhembe: benchi moja, birika moja, na kinu alichoachiwa na mama yake. Kahawa yote ya hapo hupita kinuni humo, na Ayubu hakuwa mtu wa kuazimisha kinu. Lakini jana alimwazima Buberwa, na tangu hapo roho haikumtulia. Buberwa alikuwa karudi kutoka Tanga, alikokuwa kibarua wa kuzoa tope la bahari bandarini, akaja na bonge jeusi linalometameta. Nusu yake aliitwanga, akaikaanga apate dhahabu. Ikatoka harufu tu. Kinu alikirudisha kimefutwa kwa jani la mgomba, na asubuhi Ayubu akatwanga kahawa kama kawaida.

— Dhahabu hiyo, alisema Avit, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mara moja. Meli ya Mjerumani ilizama na masanduku, chumvi ikayayeyusha, tope likanywa.

— Mjerumani gani, wee! Mwesiga wa bodaboda alidakia. Ni papa hao. Wanameza misumari ya meli, wanakunya vito.

— Mimi naona haijaiva tu, alisema Buberwa. Ingekaa miaka kumi zaidi, ningekuwa bosi.

— Ndiyo maana wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, Wakili akahitimisha. Utajiri uko karibu na mtu.

Ayubu alijua methali hiyo haina maana hiyo. Akamimina tu.

Mwalimu Nuriat, wa kemia, alikuwa anasubiri basi la Muleba. Alipokea kikombe, akaomba kuliona lile bonge.

— Shikamooni wazee. Hii si dhahabu, ni pairiti. Chuma na salfa.

— Waitu Mwalimu, imeingiaje topeni? aliuliza Buberwa, sauti imemshuka.

— Imezaliwa humo humo. Chini ya tope hakuna hewa. Vijidudu vinavyokula masalia hutoa ile harufu ya yai viza, na harufu hiyo ikikutana na chuma, pairiti inaota. Ikiota inanasa na metali nyingine zilizomo majini: nikeli, zebaki, hata aseniki.

— Aseniki si sumu? aliuliza Ayubu.

— Ni sumu. Ila ikiwa imefungwa humo, topeni, haina neno kubwa. Ubaya ni kuiponda na kuichoma. Hapo mnaifungulia mlango.

Buberwa alikiri kwamba nusu yake ameshaitwanga na kuikaanga. Nuriat alikiinua kikombe chake, akakisimamisha karibu na midomo.

— Kwani mliitwangia wapi?

Buberwa alimtazama Mwesiga. Mwesiga akatazama kinu. Ayubu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alimpokonya Mwalimu kikombe kabla hajaonja, akamwaga birika zima mtaroni, kisha akakibeba kinu cha mama yake kifuani, akakipeleka nyuma ya kibanda.

Wakili alibaki na kikombe chake cha tatu mkononi, kitupu, akitafuta methali. Haikuja.