Kitambaa Kilichokunjwa katika Hoteli ya Mizani

Mheshimiwa Meya wetu, Bi. Josiane Berthaud, waheshimiwa madiwani, Mama Huguette Lascoux, ambaye leo kwa mara ya kwanza umekalishwa kama mgeni katika ukumbi wako mwenyewe, wageni waalikwa mliotoka Guéret na Limoges, nanyi ndugu zangu wa Mourzac, mliofika mapema kuliko mlivyoalikwa kwa sababu mlinusa pai ya viazi:

Habari mpya kabisa ni hii, na aliyeitoa ni Mheshimiwa Meya, asubuhi ya leo, mlangoni mwa jikoni, koti likiwa bado mwilini. Mkataba wa kumkabidhi Maëlle hoteli hii uko tayari. Baraza la kijiji limeupitisha. Kilichobaki ni sahihi ya Maëlle mwenyewe, Jumatatu.

Maëlle, kwa wageni wasiomjua, ni binti wa kaka yake Mama Huguette, na ni mpishi huko Limoges. Wakati Meya akitoa habari hiyo, yeye alikuwa akikata vitunguu, wala hakuinua kichwa. Nanukuu alichomwambia shangazi yake, maana nilikuwa nimesimama pale pale nikidokoa mkate: "Shangazi, hawa watakuja, watakula, watapiga makofi, watalia kidogo. Halafu kila mtu atarudi kunywa supu kwake mpaka mazishi mengine. Mimi sipikii makofi."

Meya akamwambia, "Wewe nawe, mwanangu, mbona maneno makali hivyo?"

"Vitunguu hivi, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo Jumatatu utatia sahihi, hutatia?"

"Nitajua leo nikishaondoa vyombo."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, ndugu zangu. Tumekusanyika kumuaga Mama Huguette anayeondoka, ilhali anayetakiwa kubaki bado hajaamua.

Mimi nimeombwa niseme machache juu ya wageni wa Hoteli ya Mizani. Kwa nini mimi? Madiwani walitafuta mgeni aliyekaa hapa muda mrefu kuliko wote, wakanipata. Walitaka pia kumtafuta aliyesumbua kuliko wote, wakaona hakuna haja ya kutoka nje ya chumba namba nne.

Mnajua nilivyofika? Ni miaka tisa sasa, mwezi wa Novemba. Gazeti lilinituma niripoti kufungwa kwa hoteli ya mwisho ya Mourzac, na mimi, kwa uzoefu wangu mkubwa, nilikuwa nimeshaiandika habari yenyewe kabla sijawasha gari. Ilikuwa habari nzuri sana. Ilikuwa na ukungu, ilikuwa na mlango unaofungwa kwa mara ya mwisho, na ilikuwa na machozi ya Mama Huguette, ambaye nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Kilichokuwa kimebaki ni kulala usiku mmoja na kuhakikisha kwamba jina lake linaandikwa vile nilivyoliandika.

Jioni ile nilikula peke yangu katika ukumbi huu. Supu ya kabichi, sungura kwa haradali, jibini, na keki ya cheri ambazo Mama Huguette hazitoi kokwa, jambo ambalo jino langu moja la nyuma lililipia. Nilipomaliza nikafanya kama mama yangu alivyonifundisha: nikachukua kitambaa cha kufutia mdomo, nikakikunja mara mbili, pembe kwa pembe, nikakiweka kando ya sahani. Mama Huguette akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Akashusha pumzi, akarudi jikoni.

Mimi, mtu niliyelipwa miaka thelathini kwa kusoma nyuso za watu, nikaandika: "Ana huzuni ya kufunga." Hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa anawaza atapata wapi viazi vya kesho.

Asubuhi nikashuka na begi langu. Nikakuta meza imeandaliwa, kitambaa changu kiko pale pale, na jikoni kuna sufuria inayochemka tangu alfajiri. Niambieni, ndugu zangu, ni mtu gani aliyelelewa vizuri anayeweza kuondoka na nyama iko motoni kwa ajili yake? Nikala. Nikakunja kitambaa. Akashusha pumzi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilipewa kisu na kapu la viazi, na nilivimenya vibaya kiasi kwamba siku ya nne nilipewa ufagio. Mhariri wangu akapiga simu.

"Régis, imefungwa?"

"Bado."

"Inangoja nini?"

"Kuna mgeni mmoja haondoki."

"Mgeni gani huyo?"

"Mimi."

Wiki ya pili Mama Huguette uvumilivu ukamwishia, mbele ya Aubin mwenye bucha, aliyekuwa ameleta soseji na ambaye tangu siku hiyo hajaacha kunicheka.

"Bwana Régis, samahani nikuulize. Utaondoka lini? Mimi nataka kufunga."

"Mama, mimi nakungoja wewe ufunge ndipo niondoke!"

"Nitafungaje, na kila ukila unakunja kitambaa?"

Nikamwambia sielewi. Aubin akaweka soseji zake mezani ili acheke vizuri. "Lo! Mtu wa magazeti huyu! Bwana wee, anayeondoka huacha kitambaa kimevurugika vivyo hivyo kando ya sahani. Anayekikunja anasema kesho niwekeeni, narudi kula. Hata mbwa wangu analijua hilo."

Ndugu zangu, mama yangu alikunja vitambaa kwa sababu nyumbani tulikula meza ile ile kila siku. Alinifundisha kuwa mtu wa nyumbani. Nusu ya pili, ya kuwa mgeni, hakuwahi kunifundisha, na mimi nikazunguka nchi nzima nikiwatisha wenye hoteli.

Lakini katika wiki zile mbili taa ya hoteli ilikuwa inawaka, na taa inayowaka huonekana barabarani. Walikuja Wabelgiji wawili wenye baiskeli. Alikuja muuza matrekta. Akaja bibi mmoja wa Paris aliyetaka chumba chenye mandhari. Nami, kwa kuwa nilikuwa na ufagio mkononi na nikadhaniwa mhudumu, nikampa kile kinachotazama mizani ya ng'ombe, siku ya mnada. Akaniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kutazamwa vile. Hata leo sijui kama alimaanisha ng'ombe au Aubin.

Akaja Mholanzi mmoja kulalamika kwamba akifungua maji ya moto chumba namba mbili, yanatoka chumba namba tano. Nikamsikiliza kwa makini. Nikaandika jina lake kamili, umri wake na kazi yake, nikamshukuru, nikaenda kulala. Bomba halikuguswa. Siku ya tatu wa namba mbili na wa namba tano walikuwa wakigongeana ukuta kupeana zamu, na mwaka uliofuata walirudi pamoja kuja kuvua samaki.

Hoteli haikufungwa msimu ule, wala uliofuata. Ile habari yangu nzuri yenye ukungu ninayo mpaka leo, na nina uhakika ni habari pekee niliyopata kuandika ambayo haina ukweli hata kidogo.

Msinisifu. Kuna mtu aliyeokoa chochote kwa kula? Aliyesimama jikoni ni Mama Huguette. Mimi kazi yangu ilikuwa kuketi na kuongezewa supu.

Sasa narudi kwa Maëlle, ambaye ananisikia kupitia mlango ule ulioachwa wazi makusudi. Amekataa kusaidiwa kuondoa vyombo. Atapita meza moja moja, peke yake, na atakachokikuta kando ya sahani zenu ndicho atakachokwenda nacho Jumatatu. Msimdanganye. Anayejua kwamba harudi, akiache kitambaa chake kilivyo. Huo nao ni ustaarabu, na msichana huyu anastahili habari za kweli. Atakayekikunja ajue amesema nini. Aubin, usimwangalie jirani yako, angalia cha kwako.

Changu hiki hapa. Mara moja. Mara mbili. Pembe kwa pembe. Safari hii najua maana yake.

Nawe, Mama Huguette, nakuomba usikunje. Umepika hapa miaka arobaini na umekula kwa kusimama. Dada yako anakungoja kule Royan, na bahari haina haja ya kuandaliwa meza. Kivuruge hicho kitambaa, kiache hapo, uondoke kama mgeni. Sisi wengine tukikunja vyetu, hutakuwa na sababu ya kugeuka nyuma.

Nawashukuru kwa kunivumilia pai ikipoa. Sahihi ni Jumatatu, saa tatu asubuhi, ofisi ya Meya. Akitia, chakula cha jioni ni Alhamisi, saa moja na nusu. Supu ya kabichi.