Mzee Murray, Mama Noeline na Paa la Minazi la Fotuleva

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba, baada ya miaka kumi na minne na miezi tisa ya utumishi, Mzee Murray Haddow na mkewe Mama Noeline watastaafu rasmi katika misheni ya kanisa letu na katika Shule ya Sekondari ya Fotuleva. Jumamosi asubuhi watapanda meli kwenda Nuku'alofa, mji wetu mkuu, na kutoka huko ndege mpaka kwao Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Walikuja kwa mkataba wa miezi kumi na minane. Mmoja wao ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo hatuwezi kusema walikosea kuhesabu.

Walipofika kwetu Fotuleva, katika visiwa vya Ha'apai, Mzee Murray alikuwa na miaka sitini na mitatu na alikuwa amekwisha kustaafu mara moja. Kwa miaka arobaini alijenga mabanda ya kunyolea kondoo. Mama Noeline alikuwa amefundisha hesabu mpaka wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza wakaingia darasani kwake. Kanisa lilitafuta wazee wenye afya, mmoja atunze majengo, mwingine afundishe. Siku ya kwanza akina mama waliwapikia lu, nyama na tui la nazi ndani ya majani ya magimbi. Mzee Murray alidhani ni utovu wa adabu kubakiza. Wenyeji walidhani sahani tupu ni ya mtu mwenye njaa. Alikula, wakaongeza, akala, wakaongeza, na hakuna upande uliotaka kushindwa. Kesho yake hakuonekana mpaka saa tisa alasiri.

Wiki hiyo hiyo walijiwekea sheria yao: Jumamosi si siku ya kazi, ni siku ya kutoka. Walikwenda kila walikoalikwa, na wasikoalikwa walisimama nje ya ua wakitabasamu mpaka wakaalikwa. Walikwenda harusini, kwenye tanuri za chini ya ardhi, kwenye miamba maji yakitoka kutafuta pweza. Agosti ya kwanza walipelekwa na boti kutazama nyangumi. Mzee Murray alitapika safari nzima, akarudi akisema amemwona nyangumi mmoja vizuri sana, kati ya tapiko la tatu na la nne.

Kwenye duara la wanywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, alipata tabu ya kukunja miguu. Jioni moja alisimama kumpisha mgeni huku miguu imekufa ganzi, akaangukia mapajani kwa Mzee Paongo, msemaji wa chifu. Mzee Paongo hakumwaga hata tone la kikombe chake.

"Karibu, bwana," alisema. "Lakini hapo hukaa mke wangu."

Mama Noeline naye alihangaika na lugha, maana kwetu maneno ya mfalme ni mbali, ya machifu ni mbali, na ya sisi wengine ni mbali. Mwezi wa pili alisikika akimwomba mbwa wa jirani, kwa maneno ya kifalme kabisa, apende kuketi. Mbwa aliketi. Jirani anasema mbwa yule hakuwahi kutii tena amri ya mtu wa kawaida.

Lakini alichokitamani zaidi ni kukaa na akina mama wanaotengeneza ngatu, kitambaa chetu cha gome la mti. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao juu ya gogo, wanawake wengi kwa pigo moja, na kiongozi wao ni Bibi Fehoko, ambaye hajawahi kumsifu mtu bure. Siku ya kwanza alimsikiliza mgeni kwa dakika tano, akamnyang'anya nyundo.

"Mama, wewe hupondi gome. Wewe unaua mende. Nenda kaoshe vyombo."

Alikwenda akaosha vyombo. Jumamosi iliyofuata alirudi, akaosha tena. Aliosha vyombo kwa miezi minane huku akigonga pigo lao kwa kidole pembeni mwa beseni, mpaka siku moja Bibi Fehoko, bila kugeuka, akasogea kumpa nafasi kwenye gogo. Mama Noeline amepokea tuzo tatu katika maisha yake ya ualimu. Anasema hakuna hata moja inayofikia ile nafasi ya upana wa makalio.

Wapo waliosema wazee hawa wamekuja kutembea tu. Jibu lilikuja katika mwaka wao wa saba.

Kimbunga kilitupiga katikati ya Januari. Hakuna aliyekufa, na mpaka leo tunashukuru. Lakini kulipokucha shule ilikuwa kuta tupu. Kenchi za paa zilikuwa zimevunjika kama njiti, mabati ya buluu yametawanyika kijiji kizima, na minazi zaidi ya mia mbili imelala chini, yote imeelekea upande mmoja. Wiki ya tatu ikaja barua ya kamati ya elimu ya kanisa: wanafunzi wote sitini na wawili wahamishiwe bweni kisiwa kikuu ifikapo muhula wa pili, na Fotuleva ifungwe. Kila mtu alielewa maana yake. Watoto wakienda, mama zao watawafuata. Mama wakienda, baba hawatabaki kulisha nguruwe peke yao. Tulikuwa tumeshaona vijiji viwili vikigeuka mahame kwa namna hiyo.

Mwandishi wa wasifu huu, akiwa naibu mkuu wa shule, hakupigana. Alianza kufungasha madaftari ya mahudhurio. Mama Noeline alimkuta ofisini akikata utepe wa gundi kwa meno.

"Lesieli, unafanya nini?"

"Nafanya kilichoandikwa, Mama."

"Kimeandikwa muhula wa pili. Muhula wa pili ni tarehe kumi na nane Aprili. Leo ni tarehe tano Februari. Hizo ni siku sabini na mbili, mwanangu, na wewe umeshafunga maboksi manne."

Aliyafungua yote manne, akayarudisha madaftari kabatini, kisha akatoka nje kumtafuta mumewe. Mwandishi alibaki na utepe mkononi na aibu ambayo hajaisahau.

Mbao hazikuwapo. Meli ilileta za nyumba za watu kwanza, na ndivyo ilivyopasa. Mzee Murray aliipitia ile minazi iliyolala, akigonga shina moja baada ya jingine, akarudi akasema paa la shule liko chini pale, linasubiri kupasuliwa. Mnazi si mti wa huruma: nje mgumu kama chuma, ndani laini kama mkate, na hula meno ya msumeno kuliko mti wowote. Lakini miaka saba ya kukaa kwenye maduara ilikuwa imempa orodha kichwani. Alijua nani ana msumeno wa injini, nani ana tupa, nani aliwahi kufanya kazi kiwanda cha mbao Auckland na hapendi kujisifu. Kufika Jumatatu alikuwa na wanaume kumi na wanne.

Wiki ya tatu ya kazi gogo liliteleza, likamwangusha, likamvunja mfupa wa mtulinga. Ofisi ya misheni ilipiga simu kutaka arudi kwao mara moja. Alikuwa anakaribia miaka sabini. Mama Noeline alimpa simu, na wote tuliokuwa pale tulimsikia.

"Bwana, kilichovunjika ni mfupa wa bega. Mdomo ni mzima."

Akafungwa mkono, akawekewa kiti kivulini, na kutoka hapo aliendesha kazi kwa mwanzi mrefu, akiwaelekezea watu mistari. Mzee Paongo aliketi karibu naye, akirudia kila amri kwa sauti ya msemaji wa chifu, kana kwamba kenchi zile ni za ikulu.

Kenchi zikapanda. Yakabaki mabati. Shule ilihitaji mia moja na arobaini, na yaliyookotwa yalikuwa hamsini na tisa. Mengine kila mtu alijua yalipo: yalikuwa yamefunika majiko na mabanda kijijini, na watu waliyachukua kwa shida, siyo kwa wizi. Mama Noeline alikuwa amekula katika kila jiko. Mkuu wa shule alipomwomba aandike majina, alikataa kabisa.

"Nimelishwa kwenye majiko hayo yote," alisema. "Siwezi kugeuka mpelelezi."

Bibi Fehoko, aliyekuwa amekuja tu kuazima sufuria, aliinuka.

"Mimi sina deni la chakula kwa mtu. Twende."

Wakaondoka akina mama kumi na tisa wakiimba, Mama Noeline akifuata mkiani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Paongo mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na banda zuri lenye mabati kumi na moja ya buluu. Bibi Fehoko alichungulia ndani.

"Paongo, hawa nguruwe wako wanasoma kidato cha ngapi?"

Kijiji kilicheka mpaka watu wakakaa chini. Mzee Paongo alicheka mwisho, lakini alipanda banda mwenyewe na nyundo, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameyapeleka mabati yote kumi na moja shuleni kwa mgongo wake, akikataa kusaidiwa. Baada ya hapo hakuna nyumba iliyosubiri wimbo ufike mlangoni. Waliobaki na majiko wazi walisogezwa kwa jirani zao, na Mama Noeline alitoa turubai la nyumba yake mwenyewe, wakapika mvuani na mumewe kwa majuma matatu wakiwa na mwavuli mmoja.

Tarehe kumi na tatu Aprili msumari wa mwisho ulipigiliwa. Siku ya pili yake, Mchungaji Vaipulu, mwenyekiti wa kamati, alishuka bandarini akiwa na barua ya kufunga shule mkobani. Akina mama walikuwa wametandika ngatu ya pigo letu wenyewe kutoka lango mpaka darasa kubwa. Alipoingia na kuketi, mvua ikaanguka. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya kwetu, ile inayozima mazungumzo. Wanafunzi sitini na wawili waliketi juu ya mikeka, na mwenyekiti alitazama juu, kona hadi kona, akitafuta tone. Alitazama kwa muda wa kuisha nyimbo tatu. Mwishowe aliinama kwa Mzee Paongo.

"Mbao hizi mmezitoa wapi?"

"Zilianguka zenyewe, Mchungaji. Sisi tulizinyanyua tu."

"Na yule mzungu aliyefungwa mkono ndiye fundi wenu?"

"Mzungu yupi? Yule ni Murray wa hapa."

Mchungaji Vaipulu alitoa barua mkobani, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inacheza. Kisha akamwomba mwandishi wa wasifu huu amletee daftari la mahudhurio, aite majina mwenyewe. Aliita yote sitini na mawili, na kila jina liliitikiwa. Mama Noeline, ambaye hatukumwona akilia hata mfupa wa mumewe ulipovunjika, alilazimika kutoka nje akasimame mvuani.

Tangu siku hiyo vimbunga viwili vimepita juu ya paa lile na vyote vimeondoka mikono mitupu. Wanafunzi sasa ni tisini na mmoja. Karakana aliyoianzisha Mzee Murray imetoa mafundi ambao nyumba zao ziko visiwa vitano. Na Jumatatu, somo la hesabu litaanza kufundishwa na Seini Paongo, aliyekuwa kidato cha pili wakati wa kimbunga, akijifunzia hesabu za pembe kwenye kenchi za minazi.

Kwenye ratiba ya sherehe ya leo ya kuwaaga, namba saba, Mama Noeline atacheza ngoma ya heshima mbele ya chifu. Alikataa. Bibi Fehoko, mwenye miaka tisini na moja sasa, alimwambia anaweza kukataa akishafika Invercargill. Wapiga makofi wajiandae.

Mzee Murray, Mama Noeline, kwa niaba ya walimu, wanafunzi na kila jiko mlilokula, asanteni. Nendeni salama, mpumzike kwa afya na furaha, na baridi ya kwenu iwaonee huruma. Jirani akiwauliza mlifanya nini miaka yote hiyo, mwambieni kuna kijiji Ha'apai kiitwacho Fotuleva, na kwamba bado kipo.

Lesieli Havea
Naibu Mkuu wa Shule