Shangazi na Makopo Matatu ya Ubashiri

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kantini yetu, Shangazi anastaafu tarehe 30 Juni. Kiwanda kizima cha rangi humwita hivyo, hata mlinzi wa getini anayemzidi umri.

Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi mpishi mkuu. Soka hakulijua wala halijui: mechi ikianza tu, usingizi humchukua. Lakini kila Ijumaa mhasibu na fundi mitambo walibishania matokeo ya wikendi hadi chakula kikapoa, naye hakuna kilichomuudhi kama chakula kupoa.

Ndipo akaweka makopo matatu nyuma ya pazia: la wenyeji, la wageni na la sare. Kila mfanyakazi aliingia peke yake na punje moja ya harage. "Kila mtu na akili yake," alituonya, "ole wake anayemchungulia mwenzake!" Kopo lenye punje nyingi ndilo lililokuwa jibu letu. Msimu ulipokwisha, hakuna bingwa wa kubashiri aliyeyapita makopo, hata mhasibu. Huyu alikosea huku, yule kule, makosa yakafutana.

Mara moja tu meneja alitangaza ubashiri wake kwa sauti kabla ya kura. Wote tukamfuata kama kondoo, tukaumbuka. Tangu hapo Shangazi alimpa amri: "Meneja, Ijumaa mdomo ni wa kulia chakula tu."

Siku isiyosahaulika ni ya fainali ya timu ya kiwanda chetu dhidi ya kiwanda cha sabuni. Makopo yalisema tutafungwa. Golikipa wetu, mtunza stoo, alisukuma sahani akatoka bila kuaga. Shangazi alimfuata uani, akamrudisha amemshika mkono kama mtoto. Kisha akatuita jikoni mmoja mmoja, akauliza: "Mwanangu, watatupitia wapi?"

Wapakiaji, madereva, wafagizi, wengi walijibu jambo lilelile: kushoto, kwa sababu beki wetu huishiwa pumzi kipindi cha pili. Kocha, fundi umeme, alinuna Shangazi alipompelekea jibu hilo, maana beki huyo ni shemeji yake. Hata hivyo, baada ya mapumziko alimtoa, akamwingiza dereva wa lori. Kushoto pakawa ukuta. Tukapata bao, na dakika za mwisho golikipa akapangua penalti.

Shangazi aliingia uwanjani mbio, kilemba kimemdondoka, akipiga kelele: "Makopo yamekosea! Jamani, yamekosea!" Golikipa alimbeba juu juu, huku wote tukilia na kucheka.

Shangazi, asante kwa kutushibisha, na asante zaidi kwa kutufundisha kwamba hata mtu mkimya kwenye meza ya pembeni ana neno la kusikilizwa. Kawafaidi wajukuu, nawe sasa uketi upakuliwe. Uishi kwa raha na afya tele, mama yetu.