Fundi Maji Aliyeshika Besi: Dastani Nikolao Chilumba, 1961–2025

Jumanne ya tarehe 14 Machi 1961, kijijini Makote, wilaya ya Newala, Mzee Nikolao Chilumba na mkewe Bi Isabela walijaliwa mtoto wa nne kati ya watoto wao sita, wakamwita Dastani. Mama yake, ambaye naye ametangulia, alipenda kusimulia kwamba wengine wote walizaliwa wakilia kama watoto, lakini huyu alilia kwa sauti nzito hata mkunga akageuka kutazama kama kuna mwanamume ameingia ndani. Marehemu alikua kama watoto wengine wa Makote: kuokota korosho msimu ukifika, kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kuteremka bondeni na ndugu zake kufuata maji. Safari hizo za maji hakuzisahau, na ndizo zilizomchagulia kazi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Makote kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya Chidya, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1979. Huko alijiunga na kwaya. Vijana wote walitaka kuimba sauti ya kusikika. Dastani akaomba sauti ya nne, ile nzito ya chini.

"Unaijua?" mwalimu wa kwaya akamuuliza.

"Siijui, mwalimu. Naona tu hakuna anayeitaka."

Aliiimba kwa miaka minne, na watu waliosoma naye wanasema hakuwahi kuomba kusogezwa mbele.

Kati ya mwaka 1980 na 1982 alichukua mafunzo ya ufundi wa mitambo ya maji jijini Dar es Salaam, na Januari 1983 akaajiriwa kuhudumia pampu zinazosukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha Newala. Kazi hiyo aliifanya hadi mwaka 1994, alipohamishiwa Masasi, na huko akastaafu Machi 2021. Kwa watu wa uwandani, huku juu kusiko na maji, hakuna haja ya kueleza uzito wa kazi hiyo. Ndoo ya maji iliyofika mlangoni ni mama mmoja ambaye siku hiyo hakuteremka bondeni.

Lakini wengi mliofika leo hamkumjua kwa pampu. Mlimjua kwa besi.

Mambo hayo yalianza mwaka 1985, pale Awadhi, fundi cherehani wa sokoni Newala na rafiki yake wa kufa na kuzikana, alipopata gitaa la solo na kukosa mtu wa kupiga naye. Dastani akasema atashika besi. Besi yenyewe haikuwepo. Akachonga kipande cha mninga, akafunga spika ya redio mbovu, na kwa kukosa nyuzi akachukua waya za breki za baiskeli ya baba yake. Dada yake mdogo, Anjelina, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyepanda baiskeli ile kesho yake asubuhi pasipo kuambiwa. Alisimama kwenye shamba la mihogo la jirani. Amekwisha kusamehe, ila anaomba iandikwe.

Mwaka 1987 walitimia wanne: Awadhi kwenye solo, Kulwa, fundi seremala, kwenye ngoma, Mwalimu Yassini akiimba, na Dastani na besi yake. Wakajiita Ukingo Sauti. Ilikuwa bendi ya kupiga kopi, na haikuona haya kusema hivyo. Walipiga nyimbo za bendi kubwa za Dar es Salaam na za Wakongo, kwenye harusi, kipaimara na sherehe za kufunga msimu, kuanzia Newala hadi Tandahimba na Masasi. Mara moja tu walijaribu kutunga wa kwao. Yassini akaleta wimbo wa korosho wenye beti kumi na nne. Dastani akausoma hadi mwisho, akaurudisha kwa heshima: "Mwalimu, huu si wimbo, ni mtihani."

Ramadhani bendi ilisimama kwa ajili ya Awadhi na Yassini, na Kwaresima ikasimama kwa ajili ya Dastani na Kulwa. Watu walipolalamika kwamba kuna nyimbo bendi haijazijua vizuri, Marehemu alijibu: "Sisi ni bendi ya dini mbili. Siku za mazoezi zinatoka wapi?"

Pampu ilikuja kwanza daima. Jumamosi moja ya mwaka 1991, harusi ikiwa imeshaanza mjini Newala, pampu ilikufa, na mpiga besi akateremka bondeni na spana zake. Alirudi saa kumi alasiri, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni. Msimamizi wa sherehe alitaka kumzuia asipande jukwaani namna ile. Bibi harusi ndiye aliyesema: "Mwacheni apige hivyo hivyo. Maji ya pilau ametuletea yeye."

Na sasa habari ya Cecilia. Walikutana Septemba 1988 huko Chidya, bendi ilipokuja kupiga kwenye harusi. Cecilia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mwinjilisti Mzee Yohana, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka maneno. Wimbo ukiendelea, alisogea jukwaani akamwambia mpiga besi:

"Kaka, mbona gitaa lako halisikiki?"

"Ngoja niache kupiga," akajibu, akanyanyua mkono.

Wimbo ukalegea pale pale. Wachezaji wakakanyagana, bwana mmoja akasimama katikati ya uwanja akitazama miguu yake. Cecilia akaangalia, akaelewa, akasema neno moja: "Endelea." Baadaye Marehemu alisema alimpenda kwa neno lile.

Mzee Yohana hakuwa mwepesi. Alikuwa ameapa kwamba binti yake haolewi na mtu wa muziki. Dastani alipokwenda kujieleza, Januari 1989, alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri sindano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeambiwa unapiga gitaa."

"Nasukuma maji, baba. Gitaa ni la Jumamosi."

"Maji ya wapi?"

"Ya kupandisha Newala."

Dada wawili wa Mzee Yohana walikuwa wameolewa Newala, na kila barua yao ilikuwa ya maji. "Hayo maji nayapenda," akasema. "Hiyo Jumamosi tutaiombea." Tangu siku hiyo alimtambulisha mkwe wake kwa watu kama "fundi maji", na neno gitaa halikutoka kinywani mwake.

Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989. Bendi iliyopiga ilikuwa Ukingo Sauti, na haikuwa na besi, maana besi alikuwa amekaa meza kuu akiwa na suti. Alivumilia nyimbo mbili. Katika wimbo wa tatu alimnong'oneza bibi harusi, bibi harusi akacheka na kumsukuma kwa kiwiko, naye akapanda jukwaani na ua likiwa bado kifuani. Watu wakamwangalia Mzee Yohana. Mzee alikaza uso kwa ubeti mzima. Kisha akaonekana akipigapiga meza kwa vidole, taratibu, na mkewe akamwekea glasi mbali ili isianguke.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Mabel, aliyezaliwa mwaka 1991, Nikolao, mwaka 1994, na Isabela, mwaka 1998. Nyumbani Marehemu alikuwa baba wa maneno machache na utani mwingi. Aliwafundisha wote watatu kubadilisha washa ya bomba, kile kipira cha kuzuia maji, kabla ya kuwafundisha baiskeli.

Asubuhi ya tarehe 22 Juni 2018, akiwa kazini Masasi, Marehemu alianguka kwa kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea. Baada ya matibabu mguu ulirudi, na kazini wakampa shughuli za ofisini, lakini daktari alisema wazi kwamba vidole vya mkono wa kushoto havitapata tena nguvu ya kubana kitu. Kwa mpiga besi, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Awadhi alipokuja kumjulia hali, Dastani alimwambia watafute mtu mwingine. Wakampata Ashraf, mwalimu wa hisabati, kijana mpole na mpigaji mzuri. Marehemu alimsifu mbele ya watu, ingawa hakwenda hata mara moja kumtazama akipiga. Lakini Cecilia aliona kwamba redio ya nyumbani ilikuwa haiwashwi tena, na kwamba Jumamosi mumewe alilala mchana kutwa, uso ukutani. Watu wa nyumbani wanasema miezi ile minane ilikuwa mirefu kuliko yote waliyoishi naye.

Februari 2019 alimwambia mkewe: "Mama Mabel, hilo gitaa mpelekeeni Ashraf. Linapata kutu bure."

"Mpelekee mwenyewe," Cecilia akajibu. "Kwa mguu wako."

Alikasirika, akaondoka asubuhi ile ile, gitaa likiwa kwenye bega la kulia, upande uliokuwa mzima. Mwendo wa dakika kumi ulimchukua saa nzima. Ashraf alimpokea, akampa kiti na maji, akalipokea gitaa kwa mikono miwili. Kisha akaligeuza juu chini, akaanza kulipiga. Ashraf ni mtu wa mkono wa kushoto. Hubana nyuzi kwa mkono wa kulia na kuzitekenya kwa kushoto, na kwa kuwa hajawahi kuwa na gitaa lake mwenyewe, alijizoeza kupiga ya watu kwa kuyageuza tu.

Dastani alimtazama hadi wimbo ukaisha. Akatazama mkono wake wa kulia, mzima. Akajaribu kidole gumba cha kushoto, ambacho kilikuwa hakiwezi kubana lakini kiliweza kugusa. Akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka na Ashraf akaogopa.

"Mwalimu," akasema, "nirudishie gitaa langu."

Mtu wa miaka hamsini na saba akaanza upya. Nyuzi zilikuwa zimepinduka, nene ikawa chini na nyembamba juu, na kila kitu mikono yake ilichokijua kwa miaka zaidi ya thelathini kikawa kinyume. Ashraf alikuja kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi. Alikuwa mwalimu mkali. "Mzee wangu, tena," alisema, na mzee akarudia. Mwezi wa kwanza alishindwa kupiga hata nyimbo za watoto. Jirani mmoja aliuliza kwa nia njema kama pampu ya maji imehamishiwa ndani. Mwaka ukapita, na wa pili ukafika karibu na mwisho, kabla hajaweza kumaliza wimbo mmoja bila kusimama.

Harusi ya Mabel ilipangwa kufanyika Masasi tarehe 2 Oktoba 2021. Siku moja kabla, Marehemu alimwita binti yake uani. "Mwache Ashraf apige," akamwambia. "Nikikosea mbele za wakwe nitakuaibisha."

"Baba," Mabel akasema, "Ashraf si baba yangu."

Kesho yake akapiga. Alikaa kwenye kiti, gitaa limegeuzwa, wimbo wa mwendo wa pole aliouchagua mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Katika wa pili akapotea kabisa, akasimama. Awadhi akashusha solo yake. Yassini akaacha kuimba. Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu, wote wakimtazama. Kulwa peke yake aliendelea, taratibu, mguu mmoja tu kwenye pedali ya ngoma kubwa, bila kumtazama ili asimharakishe. Bibi harusi akaanza kupiga makofi kufuata mguu ule. Meza ya wakwe ikafuata, kisha ukumbi mzima. Dastani alikaa amefumba macho, akisikiliza, na walipofika mahali pake akaingia, sawasawa, akaendelea hadi mwisho. Aliporudi mezani jasho linamtiririka, Cecilia alimwinamia, akasema, "Leo umesikika." Baada ya siku hiyo alipiga na bendi kwa miaka mitatu na zaidi, akipokezana na Ashraf: nyimbo za pole alipiga yeye, za mbio alipiga mwalimu wake.

Februari 2025 moyo ulianza kumsumbua, na Aprili akalazwa. Hata wodini hakuacha kugonga besi kwa kidole kwenye chuma cha kitanda. Muuguzi alimwambia, "Mzee, wenzio wanataka kulala." Naye akamjibu, "Sista, hii ndiyo ya kuwalaza." Ijumaa ya tarehe 9 Mei bendi ilikuja kumwona, ikisema itaahirisha harusi iliyopangwa Tandahimba tarehe 17. Akawakatalia katakata. "Bibi harusi amekosa nini?" akauliza. Akawapangia nyimbo, moja baada ya nyingine, Cecilia akiandika. Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa tisa alasiri, mkono wake mzima ukiwa katika mkono wa mkewe, alifariki dunia kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, waumini na majirani wa Makote, Newala na Masasi, na wote waliobeba msiba huu pamoja nasi.

Marehemu ameacha mjane, Mama Mabel, Mwalimu Cecilia, watoto watatu, Mabel, Nikolao na Isabela, wajukuu wanne, dada yake Anjelina, na ndugu zake wa bendi, Awadhi, Kulwa, Yassini na Ashraf. Hawa wanne wanaomba radhi kwamba hawatakaa matanga hadi mwisho. Jumamosi wanakwenda Tandahimba, na karatasi ya nyimbo wanayo.

Bwana ampokee mtumishi wake Dastani, na ampe mapumziko mema.