Fundi Kiwiko, Aliyepima Mtu Kabla ya Chuma

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake, familia imenituma nisome habari za maisha ya mdogo wangu. Nimeziandika kwa mkono wangu. Vijana wanaochapisha ratiba walitaka nizipunguze zienee ukurasa mmoja. Nikawaambia wapunguze picha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba yetu, mfua vyuma, na mama yetu, muuza karanga. Alizaliwa katika chumba cha nyuma, kilichotenganishwa na tanuri kwa ukuta mmoja tu, na sauti ya kwanza aliyoisikia duniani ilikuwa nyundo. Mimi nilikuwa mlangoni na ninakumbuka kwamba baba hakusimamisha kazi. Chuma kilikuwa kimeshaiva. Zama zile kazi ilikuwa na adabu yake, na kuzaliwa kulikuwa na yake.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1971. Hakuendelea. Uwezo wa nyumbani ulitosha mtoto mmoja, ukaenda kwa dada yetu, aliyekuwa na kichwa chepesi kutushinda, naye akawa muuguzi. Marehemu hakunung'unika, wala mimi. Tuliyoyajua zaidi ya hapo tuliyasoma wawili kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa misumari. Mara nyingi tulianzia katikati, kwa sababu mwanzo wa habari ulikuwa umebaki dukani. Hata uzeeni marehemu alikuwa akifika kwangu, anakaa, na kuanza: "Basi yule akakataa." Ukitaka kujua yule ni nani, ungoje.

Mama alikuwa na mashine ya kumenyea karanga aliyouziwa na mchuuzi. Ilitengenezwa ikae juu ya meza, na sisi meza hatukuwa nayo. Aliiweka chini akazungusha mpini wake kwa kuinama, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka mgongo ukakubali umbo hilo. Akitembea ungedhani anatafuta sindano. Mwaka 1979, marehemu alipokuwa ameshika karakana ya baba, mashine ya kwanza aliyoiunda ilikuwa ya mama. Alimsimamisha ukutani, akachukua fimbo ya ufagio, akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiwiko, na mpini akauweka hapo. Mama akaishukuru mashine, akaizungusha. Aliizungusha kwa kuinama juu yake. Mgongo ulikuwa umeshazoea.

Marehemu aliangalia jambo lile. Tangu siku hiyo hakuwahi kukata chuma kabla ya kumsimamisha mwenye mashine ukutani. Ndiyo asili ya jina la Fundi Kiwiko mlilomjua nalo.

Kazi yake wengi mnaijua. Alitengeneza mashine za kumenya karanga zisizovunja punje, kwa kuivika ngoma ya ndani inayozunguka raba ya matairi yaliyochakaa, na hakuna mbili zilizolingana urefu. Mama mmoja wa sokoni, mnene, mcheshi, aliposimamishwa ukutani alimwuliza, "Fundi, unanipima mashine au sanda?"

"Mashine, mama. Sanda haiangalii kiwiko."

"Basi pima vizuri, nisije nikaitumia kwa vyote viwili."

Palikuwa na benchi mlangoni, na watu waliongoja zamu. Kupimwa kulikuwa na mazungumzo yake: mguu upi unakusumbua, nani atakupokea ukichoka, binti ameolewa au bado. Siku hizi mtu ananunua kitu kikiwa ndani ya boksi, na aliyekitengeneza hajui kama mnunuzi ana mikono.

Mkewe alimpata kwa fimbo hiyohiyo. Mwanamke huyo alimsindikiza shangazi yake kuagiza mashine, na marehemu akaanza kumpima msindikizaji. Shangazi akatazama weee, mwisho akasema, "Kijana, mashine ni yangu. Hicho kiwiko unachopima ni cha nani?" Ndoa ilifungwa tarehe 18 Agosti 1984. Mashine ya shangazi ilichelewa. Walijaliwa watoto watatu, na binti yao wa kwanza ndiye aliyerithi mkono wa baba yake. Anachomelea chuma kwa mshono ulionyooka kuliko wa baba, na baba alikuwa wa kwanza kulisema hilo.

Miaka ya karibuni maboksi yalijaa sokoni. Mashine za ndani yake zilikuwa za bei ya chini na za urefu mmoja, kama askari wa gwaride. Wateja walipungua, benchi likabaki la paka. Mafundi watano waliokuwa wakila kwa karakana ile walianza kuondoka mapema bila kuambiwa. Jambo likawa moja tu: ama mashine ya marehemu itoke nje ya mlango wake na kufika kwa watu asiowajua, ama afunge karakana ya baba kwa mkono wake mwenyewe.

Binti yake alisikia habari za mfuko unaotoa ruzuku kwa viwanda vidogo. Unakusaidia kwa hatua mbili: kwanza uliendeleze wazo lako mpaka liwe mashine kamili, kisha uitengeneze kwa wingi na kuifikisha sokoni. Mimi nilimwambia mdogo wangu kwamba riziki huja yenyewe, ruzuku huombwa kwa miadi. Akanijibu, "Kaka, yangu imepotea njia. Acha nikaifuate."

Nilimsindikiza siku ya usaili, katika ofisi yenye zulia, tukavua viatu na kuambiwa tuvivae. Jopo lilikuwa la watu watatu, likiongozwa na mama mmoja mhandisi, mfupi, mpole wa sauti. Akamwuliza, "Baba, mashine yako ina urefu gani?"

"Inategemea ya nani."

"Ya nani tena? Si yako?"

"Ya atakayeizungusha."

Wakacheka, si kwa dharau. Wakauliza atawauzia vipi watu wa mbali. Marehemu akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule mama akasema, "Ni kweli, baba. Lakini chema chajiuza kwa anayekiona. Na asiyekiona je?" Kisha akaongeza kwa upole uleule, "Na mteja wako akifa, mashine akairithi bintiye, naye ni mrefu?"

Ombi lile halikupita. Nilitaka kumchukia mama yule, na ningefanikiwa, lakini swali lilikuwa zuri. Tulipokaribia nyumbani mdogo wangu akaanzia katikati, kama kawaida yake: "Ndiyo maana anainama."

"Nani?"

"Binti aliyerithi."

Akaingia karakanani na bintiye. Jibu lao mnaliona limesimama pale uani leo, karibu na maturubai. Ni mguu wa mabomba mawili, moja ndani ya jingine, lenye matundu kuanzia chini hadi juu, na pini moja ya kuchomeka. Mrefu anapandisha, mfupi anashusha, mtoto wa mwenye mashine anarekebisha bila kumwita fundi. Kazi haikuwa matundu. Kazi ilikuwa kuufanya mguu huo usitetemeke ngoma inapokwenda kasi, maana ikitetemeka punje zinavunjika. Waliomba tena, wakapewa ruzuku ya hatua ya kwanza, na kwayo waliharibu mabomba mengi mpaka wakaweza.

Nilimwambia, "Umejiua mwenyewe. Sasa hakuna atakayekuja kupimwa."

Akasema, "Kaka, mkono wangu ni mmoja. Nitapima viwiko vya watu wangapi?"

"Na mazungumzo je?"

Akafikiri. "Mazungumzo hayo," akasema, "hayana pini." Kisha akaendelea na kazi.

Kikohozi kilimwanza wakati huo. Alichomelea chuma maisha yake yote akiwa amejifunga kitambaa puani, kama baba, na daktari alisema mapafu yamechoka, hayatarudi. Binti alimnunulia barakoa ya kichujio. Aliivaa kwa heshima yake, na binti akitoka aliivua. Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 alilazwa. Jaribio la mwisho mbele ya jopo lilikuwa tarehe 14 Machi, na sharti lilikuwa hili: mashine izungushwe na watu ambao fundi hajawahi kuwaona. Ikikubaliwa, ruzuku ya hatua ya pili inatoka na karakana inabaki wazi. Ikikataliwa, mafundi walikuwa wameshaambiwa wajitafutie.

Alikwenda binti. Mimi nilikaa na mgonjwa. Kitanda chake kilikuwa cha pembeni, chenye mkono wa kuzungusha ili kiinuke, na mkono huo ulikuwa chini mno. Kila muuguzi aliyekuja kumwinua aliinama. Aliwatazama mchana kutwa. Hakuwa na pumzi ya kusema, ila nilijua anapima.

Binti aliporudi alikuwa na vumbi la maganda kwenye nyusi. Akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Baba, wamekubali. Hatua ya pili imepita."

Marehemu akanyanyua kidole, maana yake hilo silo aliloliuliza. Akavuta pumzi. "Nani alizungusha?"

"Mlinzi wa geti, yule mrefu kama mlingoti. Halafu dada wa usafi. Halafu yule mama mhandisi mwenyewe."

"Waliinama?"

"Hawakuinama, baba."

"Hata yule mlinzi?"

"Hata yeye. Alichomeka pini mwenyewe. Hakuna aliyemwelekeza."

Akafumba macho. Tulidhani amelala, na kweli alikuwa amelala. Alifariki tarehe 17 Machi 2024 alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Chai niliyoletewa niliinywa. Sikumbuki kama ilikuwa na sukari. Seremala alikuja kuchukua vipimo, akatandaza futi yake kuanzia kichwani hadi miguuni, akaandika na kuondoka. Kiwiko hakukiuliza. Marehemu alikuwa ameshasema.

Karakana itafunguliwa baada ya matanga, chini ya binti yake, na mafundi wote watano wamerudi. Mashine zitatoka pale zikiwa zinafanana, ndani ya maboksi, kwenda kwa watu ambao hatutawajua majina. Fimbo ya ufagio imetundikwa msumarini juu ya benchi, ina alama za kisu za viwiko vya mji mzima, na ya chini kabisa ni ya mama. Nilipitia pale jana. Nilisimama ukutani kidogo. Hakukuwa na mtu wa kunipima.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada yake muuguzi mstaafu, na mimi kaka yake, niliyetarajia asome yeye habari zangu. Ameacha pia akina mama wengi masokoni ambao migongo yao imenyooka na hawajui ni kwa nini.

Hakuna refu lisilo na ncha. Sasa tutainama sisi, tumshushe. Mdogo wangu, lala umenyooka, na amani ikutandikie.